Bagamoyo kabla ya kununua: shajara ya mradi wetu

Jumapili, 14 Aprili 2024

Wageni wa Idd wameondoka, masufuria yameoshwa, daftari jipya limefunguliwa. Mradi umeanza rasmi, maana yake nimeuandika na baba watoto hajapinga. Tunatafuta kiwanja cha uzeeni katika mji wa pwani, kwa milioni 20 tulizozidunduliza kwenye VICOBA na Saccos kwa miaka tisa. Mimi nastaafu ualimu 2029, yeye ananitangulia kwa mwaka mmoja.

Ilikuwepo miji mitatu. Kigamboni imetoka kwa sababu kwa pesa yetu madalali wanatupeleka mbali mpaka bahari yenyewe inakuwa hadithi. Pangani ilinishika moyo, ule mto unavyomwagika baharini na ng'ambo Bweni inakutazama, lakini mama yangu yuko Tegeta na ana kliniki kila mwezi. Siwezi kukaa umbali huo. Imebaki Bagamoyo: kilomita 70 hivi, lami mwanzo mwisho, na magari yanapakia Makumbusho tangu alfajiri.

Sharti la kwanza nimeliandika kwa wino mwekundu: hatutoi hata shilingi ya "kushikia kiwanja" kabla hatujalala Bagamoyo walau usiku mmoja. Jirani yetu alinunua kwa picha za simu. Huu mwaka wa tatu bado anakitafuta kiwanja chake.

Ijumaa, 26 Aprili

Muungano umetimiza miaka 60, shule zimefungwa, mvua haijakatika tangu jana. Siku nzuri ya makaratasi.

Tumepanga kwenda Jumamosi na Jumapili ya tarehe 4 na 5 Mei, kwa sababu moja tu: mshahara utakuwa umeingia. Bajeti ya safari ni 300,000. Humo imo nauli ya watu wawili, gesti, chakula, bodaboda za kuzungukia, na "pesa ya kuonesha" ya dalali, ambayo hakuna sheria iliyoiweka ila usipoitoa hukioni kiwanja.

Dalali mwenyewe ni kijana mchangamfu, ananiita mama kila baada ya maneno matatu. Ametuma picha 14 za kiwanja upande wa Kaole: mchanga mweupe, minazi, maji ya bluu kwa mbali kabisa. Mita za mraba 600 kwa milioni 18. Nikamuuliza kimepimwa? "Kipo kwenye mchakato, mama." Nimejifunza kwamba mchakato ni mahali ambapo mambo mengi yanaishi maisha yao yote.

Vilivyosomwa leo, ili tusiende mikono mitupu:

Ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, sisi tunapewa haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo neno "nauza ardhi yangu" lina miaka ndani yake. Swali la kumuuliza mwenye hati ni amebakiza mingapi. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe ugawaji. Muhuri wa mtu mmoja chini ya mwembe hautoshi. Na lile la asilimia kumi ya mwenyekiti kila kiwanja kinapouzwa, serikali imelikataza mara nyingi, na bado kila dalali analihesabu kama kodi.

Kubwa zaidi kwa mji wa pwani ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Ndani ya mita 60 kutoka ufukweni hakuna ruhusa ya shughuli ya binadamu iliyo ya kudumu, au inayoweza kuharibu mazingira. Kiwanja kinachosifiwa kwa ukaribu wa maji ndicho kinachotakiwa kupimwa kwa kamba.

Baba watoto alichomekea habari ya nyumba ya zamani Mji Mkongwe wa Bagamoyo, yenye mlango wa nakshi. Alitetea kwa nusu saa. Nikamkumbusha kwamba kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko, fundi wake hapatikani kila kijiwe, na kwenye majengo ya kale huwezi kuamka asubuhi ukapasua ukuta uweke dirisha la aluminiamu bila watu wa Mambo ya Kale kukuuliza. Amenyamaza, ila najua hajaacha.

Habari ya "bandari inakuja" nimeifungia ukurasa wake. Makubaliano ya bandari ya Bagamoyo, pale Mbegani, yalisainiwa 2013, mwanangu wa mwisho akiwa chekechea. 2019 yakasimama, 2021 yakaanza kuzungumzwa tena, na mwanangu sasa yuko kidato cha nne. Kila dalali anaiuza bandari hiyo pamoja na kiwanja. Kwetu sisi ina maana nyingine: Zinga, Mlingotini na Pande ni eneo la uwekezaji, na mstaafu hana umri wa kusubiri fidia. Tumeyafuta matatu hayo kwenye orodha bila ubishi.

Alhamisi, 2 Mei

Safari imeahirishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa taarifa ya kimbunga Hidaya kinachosogea kwenye pwani yetu. Dalali anasema, "Huku shwari kabisa mama, njooni." Kwake ni shwari mpaka mteja atoe pesa.

Jumapili, 5 Mei

Hidaya amepita, jana alikuwa Mafia. Kwetu Tabata ni upepo na mvua na paa la jirani kwenye waya. Mchana tukaenda Kunduchi kumjulia hali mjomba wake baba watoto, mvuvi aliyeacha bahari kwa sababu ya magoti tu.

Ziara hii ya kusalimia imeubadilisha mradi wote. Tulipomaliza shikamoo na marahaba nikamweleza masikitiko yangu ya safari kuvunjika. Akauliza, "Mlikuwa mnakwenda lini?" Nikamwambia jana na leo. Akahesabu kwa vidole siku tangu mwezi uandame, mwezi ishirini na nne, ishirini na tano, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye mafu. Mngeenda kuiangalia bahari imelala, mkarudi mnasema ina adabu."

Miaka 20 nafundisha jiografia, ubaoni nimechora jua na mwezi na dunia mara zisizohesabika, na sikufikiria kulifungua somo langu mwenyewe kabla ya kupanga safari. Maji mafu ni pale mwezi unapokuwa nusu: hayajai sana, hayapwi sana. Bamvua ni mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na siku mbili tatu zinazofuata, ambapo bahari inakwenda mbali kabisa na inarudi mpaka mlangoni. Pwani yetu tofauti ya kupwa na kujaa siku za bamvua inaweza kukaribia mita nne. Kiwanja kile kile, wiki tofauti, ni viwanja viwili.

Mjomba katupangia: mwezi kumi na sita, kumi na saba. Tumefungua kalenda ya simu, inaangukia Jumamosi ya 25 Mei. Maji yatapwa saa tano na kitu asubuhi, yatajaa saa kumi na moja na kitu jioni, kabla jua halijazama. "Na mvua iwepo," kaongeza. "Ukiposa, nenda nyumbani kwao siku wana msiba."

Nimefuta kwenye daftari neno "hali ya hewa ikiwa nzuri" na kuandika "ikiwa mbaya".

Jumatatu, 13 Mei

Tangu jana intaneti imekatika nchi nzima, wanasema nyaya za baharini. Ramani za simuni hazifunguki. Nimechora ya mkono: barabara kuu, daraja la Mpiji tunapoingia mkoa wa Pwani, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mji, halafu Kaole kusini mwa mji. Imetoka nzuri kuliko nilivyotegemea. Baba watoto kaniambia nimeisahau Bunju. Nimeiongeza pembeni kwa hasira.

Ijumaa, 24 Mei, usiku

Mkoba: kamba ya manila ya mita 20, nimeifunga fundo kila mita tano, kipande cha sabuni ya kufulia, chupa mbili tupu za maji, tochi, kandambili na viatu vya matope, daftari, ramani ya mkono. Vitu vipya vimegharimu 9,000. Chandarua nimekitoa, gesti watakuwa nacho. (Hawakuwa nacho. Naandika hili Jumapili.)

Jumamosi, 25 Mei

Tumepanda gari Makumbusho saa kumi na mbili kamili. Gari ya kukodi ingetuwahisha, ila uzeeni hatutakuwa na gari, tutakuwa na magoti, na ni vizuri magoti yaijue safari mapema. Saa mbili na nusu tulikuwa stendi, mvua ya manyunyu, chai ya tangawizi na vitumbua kwa mama mmoja mwenye banda la mabati.

Yule mama nitamkumbuka. Nilipomwambia tunakwenda kuona kiwanja upande wa Kaole, hakuuliza bei. Aliuliza, "Mnakwenda na nani?" Nikamtajia kazi ya kijana. Akageuza kitumbua, akanyamaza muda, kisha: "Mkifika angalieni miti. Watu watawadanganya, miti haina sababu."

Dalali alikuja na bodaboda mbili. Saa nne tulikuwa kiwanjani, na kusema kweli, ni pazuri. Bahari ilikuwa imekwenda, imebaki mstari wa fedha kwa mbali, na katikati mchanga wenye mikunjo mikunjo, wanawake wawili wameinama wanachokoa chaza. Baba watoto alivua viatu. Nilimwona usoni ameshanunua.

Nikaanza na miti. Mwisho wa kiwanja, upande wa bahari, kulikuwa na kichaka cha majani ya kijani iliyopauka, chini yake kimvuli kizuri. Dalali akasema, "Hapa mama utaweka kibaraza, maua ya asili haya." Nikainama. Kuzunguka shina, kutoka kwenye tope, vilichomoza vijiti vyembamba vilivyosimama wima, mamia, kama mtu kachomeka penseli chini ya mti. Katikati yake matundu ya kaa. Ukigusa jani kwa ulimi, chumvi.

Mchu. Maua ya asili yenyewe ni mkoko, na mkoko hauoti mahali ambapo bahari haipiti. Tena ni msitu wa hifadhi kisheria, haukatwi kwa sababu mtu anataka kibaraza.

Sikusema kitu. Tulipima. Alama pekee iliyokuwepo ilikuwa nondo iliyopakwa rangi nyekundu, haina namba. Kutoka kwenye mstari wa mwani mkavu, pale maji ya alfajiri yalipoishia, hadi nondo ya mbele: kamba moja, kamba ya pili, na mafundo mawili. Mita 50. Ukumbi wetu wote ungekuwa ndani ya zile 60. Dalali akasema mita 60 ni za wawekezaji wa hoteli, si za wananchi. Nikamwomba kifungu. Akapokea simu.

Kisima cha jirani: nilichota chupa moja, nikasugua sabuni kiganjani. Haikutoa povu, iliteleza tu ikaganda kama mtindi. Misumari ya paa la nyumba hiyo, iliyojengwa miaka minne iliyopita kwa maneno ya mwenyewe, imekula kutu mpaka inalia machozi mekundu ukutani. Nguzo ya umeme ya karibu nilihesabu hatua 210.

Nilichomeka kijiti kwenye mstari wa mwani, tukarudi mjini kula. Dalali aliona tumemaliza, akadai 20,000 yake, akapewa. Alishangaa kusikia tunarudi jioni. "Jioni mtaona nini, mama? Ni hapo hapo."

Saa kumi na moja kasoro tulikuwa pale peke yetu. Maji hayaji kama watu wanavyofikiri, kwa mawimbi. Yalikuja kimya, kupitia kijifereji ambacho asubuhi nilidhani ni njia ya ng'ombe. Kijifereji kilizunguka nyuma yetu. Ilipofika saa kumi na moja na robo mchu ulikuwa umesimama majini hadi kiunoni, penseli zote zimezama, na kijiti changu hakikuonekana. Maji yalifika kamba moja na nusu kutoka kwenye nondo nyekundu, mita 30 basi, halafu yakatulia, yakabaki yanapumua. Nyuma yetu, kwenye bonde dogo ambalo dalali aliliita "eneo la bustani", maji ya mvua na maji ya chumvi yalikuwa yamekutana.

Baba watoto alishika viatu vyake mkononi, suruali imelowa magotini. Akasema, "Mama Nanii, twende." Akiniita hivyo najua biashara imekwisha.

Gesti: 50,000, umeme ulikatika mara moja, mbu hawakukatika. Baa ya jirani ilipiga muziki hadi saa nane usiku. Nimeandika mtaa wake kwenye daftari ili tusinunue karibu nao.

Jumapili, 26 Mei

Asubuhi tukarudi kwa mama wa vitumbua. Hakuuliza tumeonaje, aliangalia suruali ya baba watoto kwenye mapindo, palipokauka chumvi, akacheka. Ndipo akasema yaliyobaki: kile kiwanja ni cha urithi, ndugu ni saba, mzee alifariki, na hakuna msimamizi wa mirathi aliyewahi kwenda mahakamani. Wawili wanauza, watano wanagomba. "Na pale pakinyesha maji yanalala." Nikamuuliza mbona jana hakusema. "Jana mlikuwa mmevaa viatu."

Yeye ndiye aliyetupeleka kwa bi mkubwa mmoja, mjane, upande wa juu wa mji, dakika saba kwa bodaboda kutoka stendi. Kiwanja mita za mraba 480, mawe ya mipaka manne ya zege yenye namba, mawili tumeyafukua wenyewe kwenye majani. Bahari haionekani kabisa. Ukisimama kwenye mfuko wa saruji unaona vilele vya minazi, hapo ndipo pwani ilipo. Maji ya bomba ya DAWASA yapo kwa jirani, sabuni ilitoa povu mpaka baba watoto akanawa uso. Udongo ni kichanga chekundu, na baada ya mvua ya usiku mzima hapakuwa na dimbwi hata moja. Tatizo ni barabara: mita mia mbili za mwisho, bodaboda alitushusha tukatembea.

Milioni 15. Bi mkubwa alitoa hati, akaturuhusu kunakili namba ya kiwanja na kitalu, hakuturuhusu kuipiga picha. Nimempenda kwa hilo. Alituambia pia, "Msinipe kitu leo. Mkaulize kwanza ardhi." Sijawahi kusikia muuzaji akisema hivyo, na kwa kuwa sijawahi, nimeongeza alama ya kuuliza pembeni.

Hesabu: gesti 50,000, chakula 46,000, nauli na bodaboda 41,000, dalali 20,000, vifaa 9,000. Jumla 166,000. Zimebaki 134,000.

Jumatano, 5 Juni

Nimeomba ruhusa shuleni, nimefuatilia upekuzi kwa msajili wa hati. Fomu, namba ya malipo, foleni. Karani aliniuliza kama mimi ni mwanasheria, nikasema ni mwalimu, akanivumilia.

Jibu la maandishi: jina ni la marehemu mume wake bi mkubwa. Hakuna rehani, hakuna zuio. Miaka iliyotolewa 99. Kwa hiyo hakusema uongo, ila hajamaliza: lazima ateuliwe msimamizi wa mirathi, ahamishiwe, ndipo auze. Nimempigia. Alikaa kimya, kisha akasema watoto wake wamemwambia hayo mwaka mzima na alikuwa anaogopa mahakama. Nimemwambia baba watoto atamsindikiza Mahakama ya Mwanzo siku akiwa tayari. Baba watoto hajaambiwa bado.

Jumapili, 9 Juni

Safari ya pili imepangwa: Jumamosi 22 Juni, mwezi kumi na tano. Bahari haituhusu tena moja kwa moja, lakini nataka kuiona ile barabara, na mjomba wa Kunduchi ameshakata shauri kwamba anakuja, kwa sharti akae dirishani na apewe vitumbua. Tutakwenda na mpima wa kukodi kuhakiki yale mawe mawili tuliyoshindwa kuyafukua. Bi mkubwa amefungua shauri la mirathi Alhamisi. Watoto wake walimsindikiza, baba watoto ameponea.

Jioni hii kijana wa Kaole ametuma picha mpya. "Mama, bei imeshuka, 15 tu, na tumekusafishia." Nimezikuza kwa vidole. Bahari iko mbali, mstari wa fedha. Pale ulipokuwa mchu pamesawazishwa mchanga mweupe, na juu yake wamechomeka minazi miwili michanga, majani bado yamefungwa kwa kamba.